Kofia za watoto njiti: shajara ya kazi ya mikono ya kikundi chetu

Shajara hii ni ya yeyote anayetaka kuanzisha kazi kama hii kanisani kwake au nyumbani. Naandika kila hatua inapokamilika. Mambo ya kawaida nayapitia mbio. Pale tulipokwama naeleza kwa kirefu, kwa sababu hapo ndipo uzi na saa za watu zilipokwenda.

Januari 10: Kuuliza kwanza

Wazo la mwanzo lilikuwa shali za maombi. Ni huduma iliyoanzishwa mwaka 1998 huko Hartford, Connecticut, na Janet Bristow na Victoria Galo, na tangu hapo imeenea katika makanisa mengi: anayefuma humwombea atakayevaa, kitanzi baada ya kitanzi, tangu mwanzo wa shali hadi mwisho wake. Wengi wetu tulivutiwa sana. Kabla ya kununua uzi, hata hivyo, tulituma watu kwenda hospitalini kuuliza ni kitu gani hasa kinachohitajika.

Jibu halikuwa shali. Wodi ya watoto wachanga ilikuwa imeishiwa kofia za watoto njiti.

Nawasihi wote wanaotaka kuiga kazi hii: ulizeni kabla ya kuanzisha kitanzi cha kwanza. Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anamzungumzia ndugu aliye uchi anayeambiwa aende kwa amani akaote moto, bila kupewa mahitaji ya mwili. Zawadi ambayo mhitaji hakuihitaji inafanana sana na maneno yale, hata kama imefumwa kwa upendo wote.

Muuguzi alitueleza kwa nini kofia. Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 walizaliwa watoto kama hao milioni 13.4, yaani takribani mmoja katika kila kumi. Mafuta chini ya ngozi yao ni kidogo mno, na kichwa ni kikubwa ukilinganisha na mwili, kwa hiyo joto hutoroka kwa wingi kupitia hapo. Joto la mtoto mchanga linatakiwa libaki kati ya nyuzijoto 36.5 na 37.5, na likishuka, nguvu ambayo ingetumika kukua inatumika kupambana na baridi.

Kuna pia huduma ya kangaruu, ambayo mtoto hukaa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa madaktari Edgar Rey Sanabria na Héctor Martínez, hospitali yao ilipozidiwa na watoto huku mashine za joto zikiwa chache. Mtoto anakuwa amevaa nepi, soksi na kofia, basi. Kofia ni sehemu ya matibabu, wala si pambo, na tangu tulipolielewa hilo kila uamuzi wetu umeupitia mlango huo.

Gharama ya hatua hii: muda wa kwenda na kurudi tu.

Januari 24: Uzi

Tulitangaza kanisani na mifuko ya uzi ikaanza kuletwa. Mingi ilikuwa mabaki ya miaka mingi, bila lebo, na hapo shida ikaanza.

Sista wa wodi, yaani muuguzi anayeisimamia, alikuwa ametuambia wazi: nguo zote za watoto hufuliwa kwa mashine, kwa maji ya nyuzijoto 60. Kwa hiyo tulifuma vipande vya majaribio vya sentimita 12 kwa 12 kutoka kila aina ya uzi, tukavifua mara kadhaa kwa joto hilohilo na kuvipima. Sufu iligandamana ikawa ngumu kama zulia, na kipande kimoja kilirudi kikiwa nusu ya ukubwa wake. Akriliki ilitoka salama, mpaka mmoja wetu alipoipitisha pasi ili kuilainisha: ikalegea moja kwa moja. Akriliki ikishapata joto la pasi, mnyumbuko wake umekwisha, na kofia isiyonyumbuka haikai kichwani. Pamba tupu ilistahimili maji na ngozi inaipenda, ila ukiivuta hairudi vizuri, na mbavu za ukingo, ile mistari ya kunyumbuka inayoshika kichwa, zinabaki wazi.

Kujua uzi usio na lebo ni wa aina gani, tulitumia moto. Kata kipande kifupi, kishike kwa koleo juu ya sahani ya bati, kikaribishe kwenye mwali wa mshumaa. Pamba huwaka haraka kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Sufu huwaka kwa shida, hujizima ukiitoa motoni, na harufu yake ni ya nywele zilizoungua. Akriliki huyeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu isiyosagika kwa vidole. Fungueni madirisha, na maji yawe karibu.

Tulipomaliza, zaidi ya nusu ya uzi wa mchango ilikuwa haifai kwa watoto. Kulikuwa na mvutano. Wengine waliona ni dharau kwa waliotoa. Mama mmoja mzee wa kikundi ndiye aliyefungua Malaki sura ya kwanza, pale Bwana anapowauliza makuhani kuhusu mnyama kipofu na kilema wanaomleta madhabahuni, na kuwaambia wampelekee liwali wao waone kama atamkubali. Hakuongeza neno. Tuliamua kwamba uzi wa mchango usiofaa utumike kwa mazoezi ya wanaojifunza, nao waliotoa wakaelezwa sababu kwa heshima.

Kwa kofia tulinunua uzi mchanganyiko, nusu pamba nusu akriliki, unene wa kati. Mchanganyiko huu ulistahimili maji ya moto na ukarudi ulipovutwa. Ununuzi wa kwanza: mabonge 20 ya gramu 50.

Februari 7: Vipimo

Kofia za mwanzo zilifumwa kwa mchoro, yaani maelekezo ya kufuma, wa "mtoto mchanga". Zilikuwa nzuri kutazama. Wodini zilishuka mpaka puani.

Mchoro wa mtoto mchanga umekusudiwa mtoto aliyetimiza miezi yake, ambaye mzunguko wa kichwa chake ni kama sentimita 35. Mtoto wa wiki 28 ana takribani sentimita 26, wa wiki 32 yuko karibu na 30, na wa wiki 36 karibu na 33. Kofia iliyolegea ina hatari yake: inafunika macho na pua, na joto linatoka pembeni. Iliyobana nayo inaacha alama kwenye ngozi ambayo bado ni nyembamba mno.

Hesabu tuliyofikia ni hii. Kwa sindano za milimita 4 na uzi wetu, baada ya kufua, tunapata vitanzi 22 kwa sentimita 10. Narudia: baada ya kufua. Kipande ambacho hakijaingia majini kinadanganya, na kofia zetu za kwanza za hesabu hii zilipungua ukubwa kwa sababu hiyo. Kofia inafumwa iwe pungufu ya kichwa kwa kama sehemu moja ya saba, ili ishike bila kubana. Kwa hiyo tunaanzisha vitanzi 48 kwa kichwa cha 26, vitanzi 56 kwa cha 30, na vitanzi 64 kwa cha 33. Namba zote zinagawanyika kwa 4, kwa ajili ya mbavu za viwili mbele viwili nyuma, na kwa 8, kwa ajili ya utosi.

Fuma kwa mzunguko, bila mshono wa kuunganisha. Mbavu ziende sentimita 4, kisha mzunguko wa kawaida mpaka urefu wote ufike sentimita 8, 9 au 10 kulingana na saizi. Utosini, fuma vitanzi sita kisha unganisha viwili, rudia mpaka mzunguko uishe; mzunguko unaofuata fuma bila kupunguza. Halafu vitano na viwili pamoja, na kuendelea hivyo hivyo mpaka vibaki vitanzi vichache. Pitisha uzi ndani yake, kaza, na uhakikishe hakuna tundu kileleni.

Kofia ndogo inakula gramu 11, kubwa gramu 17. Bonge moja linatoa ndogo nne, au kubwa mbili na ndogo moja. Kwa mfumaji mzoefu kila moja inachukua saa mbili hadi tatu.

Kofia zile kubwa hazikupotea. Sista alizichukua kwa watoto waliotimiza miezi.

Februari 21: Upande wa ndani

Hii ndiyo hatua ninayotaka msomaji asiiruke.

Tulipeleka kundi la pili tukiwa na furaha. Vipimo sawa, uzi sawa, na wafumaji wetu hodari walikuwa wameingiza maua madogo ya rangi mbili kuzunguka ukingo. Sista alichukua moja, na kabla hata ya kuitazama vizuri akaigeuza ndani nje. Akaingiza kidole chake kidogo chini ya uzi wa rangi ya pili, ule unaopita nyuma ya ua bila kushikwa, akauinua. Ulisimama kama mpini wa kikombe.

"Mama, hapa," akaniambia, "ndipo kidole cha mtoto kitakapoingia. Na cha mtoto njiti ni chembamba kama njiti ya kiberiti."

Uzi ukizunguka kidole cha mtoto unaweza kuzuia damu, na yeye hana namna ya kusema zaidi ya kulia. Akatuonyesha pia fundo lililoachwa kwenye kiungo cha mabonge mawili. Mtoto analalia kichwa chake kwa saa nyingi, na fundo dogo kama punje ya mtama linamchimba. Akaturudishia zile za maua zote, kwa upole kabisa.

Tulizifumua. Nililia kidogo nikifumua, kwa kuwa nilijua jioni ngapi za watu zilikuwa mle. Ila uzi uliofumuliwa haukupotea: tuliuzungusha kwenye ubao, tukaulowesha, tukauning'iniza ukauke ukiwa umefungiwa kitu kizito, na mikunjo ikanyooka.

Masharti yetu sasa ni haya. Rangi moja kwa kila kofia, au mistari mipana inayobadilishwa kwenye mzunguko mzima bila uzi kupita ndani. Hakuna fundo: bonge jipya linaunganishwa kwa kufuma nyuzi mbili pamoja kwa vitanzi vichache. Kila ncha ibaki na urefu wa sentimita 10 angalau, ifichwe kwa sindano butu kwenda upande mmoja, kisha irudishwe kinyume, ndipo ikatwe. Hakuna vifungo, utepe, shanga wala kishada cha kileleni. Na mkaguzi wa kikundi anaanza na upande wa ndani, kama Sista alivyofanya.

Nimeutafakari sana upande huo wa ndani. Mathayo sura ya sita anaandika kwamba sadaka iwe ya siri, na Baba aonaye sirini ndiye anayelipa. Nilikuwa nikiyasoma maneno yale kama katazo la kujitangaza. Sasa nayaona pia kama maelekezo ya kazi. Upande ambao mama wa mtoto hatautazama, ambao hakuna atakayeusifia kwenye picha, ndio unaogusa ngozi ya mtoto. Pale ndipo imani yangu inapoonekana au isipoonekana, katika ncha moja iliyofichwa vizuri wakati nimechoka na nataka kulala. Kama ningeambiwa nichague kitu kimoja tu cha kuwaachia wanaoiga kazi hii, ningewaachia hicho.

Machi 14: Kadi

Swali lilizuka: je, tuweke andiko juu ya kila kofia?

Wapo waliotaka lebo ndogo ya kitambaa yenye msalaba, ishonwe ukingoni. Lebo ilikataliwa mara moja kwa sababu ya ngozi, kona zake zinachoma. Ikaja hoja ya kadi yenye mstari wa Biblia, nasi tukaamua kadi isiwe na andiko. Wodi ile ina mama wa kila dini, na wasio na dini, na wote wako kwenye siku ngumu kuliko zote. Mama ambaye mtoto wake yuko kwenye mashine hapaswi kujiuliza kama kupokea kofia kunamdai kitu.

Waliopinga uamuzi huo hawakuwa na nia mbaya. Waliogopa kwamba tukinyamaza tutakuwa kikundi cha kufuma tu, na Kristo atakuwa amesahaulika. Tulirudi kwa Tabitha wa Yafa, aitwaye pia Dorkasi, katika Matendo ya Mitume sura ya tisa. Ameitwa mwanafunzi, na amesifiwa kwa matendo mema na sadaka. Katika habari yake yote hakuna neno hata moja alilolisema yeye lililoandikwa. Petro anapofika, wajane wanasimama wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo ambazo alizishona alipokuwa pamoja nao. Nguo ndizo zilizomshuhudia. Na jina lake ndilo lililochukuliwa na vikundi vya Dorkasi, kama kile cha Kisiwa cha Man cha mwaka 1834, ambako waumini walishona nguo za maskini kama shukrani kwa kunusurika na kipindupindu.

Tuliafikiana hivi: kadi ina mstari mmoja unaosema kofia imefumwa kwa mkono na mtoto anaombewa, kisha saizi, aina ya uzi na jinsi ya kufua. Nyuma pana onyo alilotuomba Sista: kofia ni ya wodini na ya kifuani kwa mama, na mtoto akishakwenda nyumbani asilazwe nayo kitandani bila maelekezo ya muuguzi, kwa kuwa anaweza kupata joto kupita kiasi au kofia ikamfunika uso. Kadi inafungwa kwenye mfuko, wala haigusi kofia. Anayetaka kujua zaidi kuhusu sisi anamuuliza kasisi wa hospitali.

Maombi yanabaki pale yalipo, katika ufumaji. Kila mkutano unaanza kwa kunyamaza kidogo na kumtaja mbele za Mungu mtoto tusiyemjua jina.

Aprili 4: Jozi

Sista alitupigia na ombi jingine, na alilitamka polepole. Si kila mtoto anatoka wodini akiwa hai. Kwa walio wadogo mno, waliofariki tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa, hakuna nguo inayowatosha, na wazazi wanampokea mtoto wao akiwa amefungwa taulo la hospitali. Aliomba viblanketi vidogo vyeupe, na vije viwiliviwili vinavyofanana. Kimoja anazikwa nacho mtoto. Kingine anabaki nacho mama.

Kazi hii haikufanyika kwenye mkutano. Kila aliyejitolea aliichukua nyumbani.

Majaribio ya kwanza yalikuwa na mshono wa matundu, kama kitambaa cha pazia, kwa kuwa tulitaka kipendeze. Sista alieleza kwamba ngozi ya mtoto mdogo kiasi hicho inanata na kuchubuka, na matundu yanainasa. Tukahamia mshono wa mbele pande zote, ambao ni mzito, tambarare, na hauviringiki kingo. Tatizo la pili lilikuwa ukingo wa kufungia: ulikuwa mgumu kama kamba. Tulifunga vitanzi kwa sindano ya milimita 5 badala ya 4, ukalainika. Ndani tunaweka kipande cha pamba nyembamba iliyofuliwa, kilichoshikizwa kwa mshono mdogo wa mkono. Uzi hapa ni pamba tupu, maana hakuna mnyumbuko unaohitajika, ni ulaini peke yake.

Ukubwa ni sentimita 30 kwa 30. Lazima jozi ifumwe na mkono mmoja, kutoka mafungu ya uzi yenye namba ileile ya rangi. Jozi moja ilichanganywa mafungu mawili, na weupe ukatofautiana ulipotazamwa kwenye mwanga wa dirisha. Wengine waliona si kitu. Kwa mama atakayekaa miaka na kipande kimoja akijua kingine kiko wapi, tuliona ni kitu, na tukafuma upya.

Hatukuweka msalaba juu yake. Mwenye kuuhitaji atauweka mwenyewe.

Aprili 25: Kufua na kukabidhi

Kila kitu kilifuliwa kwa sabuni isiyo na manukato, kikakaushwa kikiwa kimelazwa, kikafungwa kwa saizi kwenye mifuko safi yenye alama ya wiki: 28, 32, 36. Mwanzoni tuliandika "ndogo, kati, kubwa", lakini wauguzi hawafikiri hivyo. Wanajua wiki za mtoto. Asiwepo mvutaji wa sigara katika nyumba inayohifadhi mifuko hiyo, na harufu ya pafyumu nayo ikae mbali.

Gharama hadi hapa: gramu 1,000 za uzi mchanganyiko, zilizotoa kofia 66 baada ya hasara ya majaribio, pamoja na uzi wa pamba wa jozi za viblanketi. Uzi wa mchango usiofaa kwa watoto umewafundisha kufuma vijana kadhaa wa kanisa, na wawili kati yao sasa wanafuma kofia zinazopita ukaguzi.

Mei 16: Zilizorudi

Tuliomba tuletewe kofia zilizochakaa, ili tujue zinachakaa vipi. Mbavu ndizo zinazolegea kwanza, hasa pale tulipotumia sindano zilezile za mwili. Kuanzia sasa mbavu zinafumwa kwa sindano za milimita 3.5, kisha tunahamia 4. Ncha zilizofichwa upande mmoja tu zilikuwa zimeanza kuchomoza. Zile zilizorudishwa kinyume hazikusogea hata moja. Rangi nyeusi na nyekundu iliyokoza zilitoa rangi kwenye maji ya moto, zimeondolewa kwenye orodha.

Saizi ya wiki 28 ndiyo inayoisha mapema wodini, kwa kuwa watengenezaji wengi wa nguo za watoto hawaifikii. Kundi linalofuata ni la vitanzi 48 peke yake, na Sista ameomba pia soksi zinazolingana nazo. Mchoro wa soksi bado tunaujaribu: kisigino ndicho kinachosumbua, kinatoka kikubwa kuliko mguu wenyewe. Ukitulia, nitauandika hapa.